FFT ya ishara changamano kwenye maikrokontrola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotaka kupima masafa kwa FFT (Fast Fourier Transform, yaani badiliko la Fourier la haraka) kwenye maikrokontrola ya kawaida, hasa pale ishara inapokuja kwa njia mbili, I na Q. Mfano unaotumika karibu kila mahali ni mmoja: moduli ya rada ya Dopla ya 24 GHz imetazama barabara, maikrokontrola ya STM32F407 inasoma, na tunataka kujua gari linakwenda kasi gani na linaelekea upande gani. Anayetengeneza redio ya SDR (redio inayochambua ishara kwa programu) atakuta mengi yanamhusu. Nadharia nimeigusa pale tu inapookoa muda, kwa sababu FFT yenyewe ni nadra kuwa na kosa. Makosa mengi huwa yameshaingia kabla namba hazijaifikia.

FFT inafanya nini hasa?

Inapokea sampuli N na kukuambia ndani yake kuna masafa gani, kila moja kwa ukubwa gani na fezi gani (wimbi liko wapi katika mzunguko wake). Majibu yanakuja katika visanduku N vilivyopangwa kwa hatua sawa za masafa. Hesabu hiyo hiyo ukiifanya moja kwa moja kwa kanuni ya Fourier, sampuli 1024 zinahitaji kuzidisha namba changamano mara 1,048,576. Kwa FFT ya kugawanya mbili mbili, inabaki mara 5,120. Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965, ingawa Gauss alikuwa ameshaifikia karibu mwaka 1805 alipokuwa akikokotoa njia za sayari ndogo, na hakuichapisha maishani mwake.

Ishara changamano ni nini? Na masafa yanawezaje kuwa hasi?

Simama nyuma ya mtu anayezungusha pedali ya baiskeli. Unachoona ni pedali ikipanda na kushuka, basi. Unaweza kuhesabu inazunguka mara ngapi kwa dakika, lakini huwezi kusema anazungusha kwenda mbele au anarudisha nyuma. Mwenzako aliyesimama ubavuni anaona pia pedali ikienda mbele na kurudi. Mkiunganisha alichoona yeye na ulichoona wewe, mwelekeo unajulikana papo hapo.

I na Q ndiyo macho hayo mawili. Ni mawimbi mawili yenye masafa yale yale, yaliyopishana robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Tunaifanya I kuwa sehemu halisi na Q kuwa sehemu dhahania ya namba changamano moja: z = I + jQ. Namba hiyo ikizunguka kinyume na mshale wa saa, masafa ni chanya. Ikizunguka kufuata mshale wa saa, ni hasi. Kwenye rada, upande mmoja ni gari linalokuja na wa pili ni gari linaloondoka. Kwenye SDR, ni stesheni zilizo juu na zilizo chini ya masafa uliyotega.

Kwa nini nisitumie FFT ya namba halisi tu?

Tumia, kama mwelekeo hauna maana kwako. Mtetemo wa mota, sauti ya maikrofoni, umeme wa nyumbani: hivi vyote vina waya mmoja wa ishara, na `arm_rfft_fast_f32` ya maktaba ya CMSIS-DSP ya ARM itakufanyia kazi kwa takribani nusu ya muda na nusu ya kumbukumbu. Wapo wanaojaza sifuri kwenye sehemu dhahania kisha wakaita FFT changamano. Jibu linatoka sahihi, ila nusu ya pili ya safu inakuwa marudio ya nusu ya kwanza.

Moduli ya HB100, ile ya 10.525 GHz inayouzwa kwa bei nafuu, ina tokeo moja tu. Hakuna hesabu itakayokutolea mwelekeo kwenye tokeo lake. Ukitaka mwelekeo, nunua moduli yenye pini mbili, I na Q, na hakikisha hivyo kwenye datashiti na si kwenye picha ya muuzaji.

Kasi ya gari inageukaje kuwa masafa?

Masafa ya Dopla ni mara mbili ya kasi, zidisha masafa ya rada, gawanya kwa kasi ya mwanga. Kwa 24.125 GHz inakuja Hz 44.7 kwa kila km/h 1. Gari la km/h 50 linatoa takribani Hz 2,234. Kwa HB100 ni Hz 19.5 kwa kila km/h.

Usisahau pembe. Rada inaona tu ile sehemu ya kasi inayoelekea kwake, kwa hiyo ukiiweka pembeni mwa barabara kwa nyuzi 30, utasoma asilimia 87 ya kasi halisi. Gawanya kwa kosaini ya pembe.

Nichukue sampuli ngapi kwa sekunde, na N iwe ngapi?

Sampuli changamano zikichukuliwa kwa kiwango fs, unaona kuanzia −fs/2 hadi +fs/2. Kwa fs ya 16,000 unafika Hz 8,000 kila upande, sawa na km/h 179. Barabara zetu nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

N ndiyo inayoamua upana wa kisanduku: fs ÷ N. Kwa N ya 1024 kila kisanduku kina Hz 15.625, yaani karibu km/h 0.35, na inakuchukua milisekunde 64 kujaza safu moja. Ukipanda hadi 4096 utapata visanduku vyembamba zaidi, lakini utasubiri milisekunde 256, na gari linalofunga breki litakuwa limeshabadili kasi katikati ya kipimo, kilele chake kikatawanyika. Kwa kazi hii 1024 inatosha kabisa.

Kuongeza sifuri mwishoni mwa sampuli ili N iwe kubwa hakukupi taarifa mpya. Mchoro unalainika tu. Magari mawili yaliyoungana kwenye kilele kimoja yataendelea kuungana.

Bodi gani inafaa?

Arduino Uno ina RAM ya KB 2. Safu ya namba changamano 128 za float inakula KB 1 peke yake. Kibadilishi chake cha analogi kwenda dijitali, ADC, kina biti 10 na kwa mpangilio wa kawaida kinachukua sampuli kama 9,600 kwa sekunde. Gawa kwa njia mbili, unabaki na 4,800 kila upande, na mwisho wako ni km/h 53 hivi. Ni nzuri kwa kujifunzia.

Blue Pill yenye STM32F103 haina kitengo cha hesabu za desimali, lakini ina ADC mbili zinazoweza kupiga kwa pamoja. Kwa hesabu za q15 (desimali zilizowekwa kwenye namba kamili za biti 16) inafanya kazi vizuri. Angalia tu ulichouziwa, maana bodi nyingi za bei ya chini zina chipu ya kuiga.

ESP32 ya kwanza ina nguvu ya kutosha, MHz 240, na maktaba ya ESP-DSP ina FFT iliyo tayari, `dsps_fft2r_fc32`. Udhaifu wake ni ADC: haiendi kwa mstari ulionyooka, hasa karibu na mwanzo na mwisho wa volti zake, na kupinda huko kunazaa vilele vya uongo kwenye mara mbili na mara tatu ya masafa halisi. Ukitumia ESP32, weka ADC ya nje.

RP2040, chipu ya Raspberry Pi Pico, nitaizungumzia kwenye swali linalofuata, maana ina mtego wake.

Chaguo langu ni STM32F407: MHz 168, kitengo cha float ndani, na ADC tatu za biti 12 ambazo mbili kati yake zinaweza kusoma I na Q kwa mpigo mmoja.

Kuna ubaya gani I na Q zikisomwa moja baada ya nyingine?

Kucheleweshwa kwa Q ni sawa na kuibadilishia fezi, na fezi ikikosea, nguvu kidogo ya gari linalokuja inavujia upande wa magari yanayoondoka. Inatokea kilele kivuli kwenye masafa yale yale, alama kinyume.

Kiasi cha kosa ni nyuzi 360 × masafa × ucheleweshaji. RP2040 ina ADC moja inayozungukia pini kwa zamu. Ikikimbia kasi yake kamili ya sampuli 500,000 kwa sekunde, pengo kati ya I na Q ni mikrosekunde 2. Kwa gari la km/h 50 hiyo ni nyuzi 1.6, na kivuli kinakuwa dB (desibeli) 37 chini ya kilele halisi. Unaweza kuishi nacho.

Mtego uko hapa: watu wengi hupunguza mwendo wa ADC hadi jumla ya sampuli 32,000 kwa sekunde ili wapate 16,000 kwa kila njia. Wakifanya hivyo pengo linapanda hadi mikrosekunde 31.25, kosa la fezi linafika nyuzi 25, na kivuli kiko dB 13 tu chini ya kilele. Kwenye skrini unaona magari mawili, moja linakuja na jingine linaondoka kwa kasi ile ile. Suluhisho ni kuiacha ADC ikimbie kwa kasi kamili, uchuje na kupunguza sampuli kwenye programu, au utenganishe wigo wa I na wa Q kisha uzungushe fezi ya Q kisanduku kwa kisanduku kabla ya kuziunganisha tena. Njia ya kwanza ni rahisi kuliko ya pili.

ADC zangu zinapiga pamoja, lakini kivuli bado kipo. Mbona?

Kwa sababu njia mbili za analogi hazilingani kamwe. Tofauti ya ukubwa ya asilimia 1 inaleta kivuli cha dB 46 chini ya kilele. Tofauti ya fezi ya nyuzi 1 inaleta dB 41. Moduli za rada za bei nafuu zinakosea zaidi ya hapo.

Habari njema ni kwamba hili linarekebishika kwa hesabu ndogo kabla ya FFT. Ondoa kwanza wastani wa kila njia, kisha, ukiwa na ishara moja yenye nguvu, kokotoa wastani wa I², wastani wa Q² na wastani wa I×Q. Uwiano wa ukubwa, g, ni kipeuo cha pili cha (wastani wa Q² ÷ wastani wa I²). Saini (sine) ya kosa la fezi, s, ni wastani wa I×Q gawanya kwa kipeuo cha pili cha (wastani wa I² × wastani wa Q²). Halafu kwa kila sampuli:

```c
q = (q / g - i * s) / sqrtf(1.0f - s * s);
```

Pima g na s mara moja, uzihifadhi kwenye flashi. Usizikokotoe upya kila safu, maana barabara ikiwa tupu utakuwa unarekebisha kelele.

Amplifaya inaathiri FFT?

Sana, na ndipo miradi mingi inapofia. Moduli inatoa ishara ndogo mno, kwa hiyo unahitaji kuikuza mara elfu hivi. Mtu anachukua chipu ya amplifaya ya LM358, kwa kuwa ndiyo iliyopo kila duka, anaweka hatua moja ya kukuza mara 1000. LM358 ina uwezo wa takribani MHz 1 ya masafa ukizidisha na ukuzaji. Gawanya kwa 1000, inabaki kHz 1. Maana yake gari lolote la zaidi ya km/h 22 linaanza kufifia, na mtu analaumu FFT.

Gawanya ukuzaji kwenye hatua mbili, kila moja mara 32 hivi. Halafu zingatia jambo la pili: LM358 ikipewa volti 3.3 haiwezi kupandisha tokeo lake hadi 3.3, inaishia kama volti 1.5 chini yake. Ukiweka kati yako kwenye volti 1.65, gari kubwa likipita karibu wimbi linakatwa kichwa, na kila kilele kinazaa wajukuu. MCP6002 ina uwezo ule ule wa masafa lakini inafika karibu kabisa na volti za juu na za chini.

Jambo la tatu ni dogo ila linasaidia kuliko yote mawili. Chipu hizi zina amplifaya mbili ndani. Usiweke hatua zote mbili za I kwenye chipu moja na za Q kwenye nyingine. Weka hatua ya kwanza ya I na ya kwanza ya Q kwenye chipu moja, hatua za pili kwenye chipu ya pili. Pacha wa chipu moja hulingana zaidi kuliko chipu mbili tofauti, na kivuli chako kitapungua bila mstari wowote wa msimbo.

Kisanduku cha sifuri kina kilele kikubwa kuliko vyote. Ni gari lililosimama?

Hapana, ni volti ya kati uliyoiweka mwenyewe. ADC ya biti 12 inaisoma kama 2048 hivi. Ukitoa 2048 moja kwa moja haitoshi, kwa sababu rezista zako si sahihi kiasi hicho. Toa wastani wa safu yenyewe, I peke yake na Q peke yake. Hata hapo, kwa dirisha la Hann (madirisha yana swali lao hapo chini) puuza visanduku −2 hadi +2.

Naomba msimbo mfupi wa F407.

Hapa taima inaziamsha ADC1 na ADC2 pamoja, na DMA (kitengo kinachohamisha data bila kuisumbua prosesa) inaleta neno moja la biti 32 kwa kila jozi: ADC1 kwenye biti 16 za chini, ADC2 kwenye 16 za juu. Jedwali la dirisha limejazwa wakati wa kuwasha.

```c
#include "arm_math.h"
#include "arm_const_structs.h"
#define N 1024

static float32_t z[2 * N]; // I, Q, I, Q...
static float32_t nguvu[N];
extern float32_t dirisha[N];

void chambua(const uint32_t *jozi)
{
    float32_t wi = 0.0f, wq = 0.0f;
    for (int n = 0; n < N; n++) {
        z[2*n]   = (float32_t)(jozi[n] & 0xFFFF);
        z[2*n+1] = (float32_t)(jozi[n] >> 16);
        wi += z[2*n];
        wq += z[2*n+1];
    }
    wi /= N;
    wq /= N;
    for (int n = 0; n < N; n++) {
        z[2*n]   = (z[2*n]   - wi) * dirisha[n];
        z[2*n+1] = (z[2*n+1] - wq) * dirisha[n];
    }
    arm_cfft_f32(&arm_cfft_sR_f32_len1024, z, 0, 1);
    arm_cmplx_mag_squared_f32(z, nguvu, N);
}
```

Marekebisho ya I na Q yanaingia kwenye kitanzi cha pili, baada ya kutoa wastani na kabla ya dirisha. Kumbuka FFT hii inaandika majibu juu ya sampuli zile zile, kwa hiyo ukizihitaji baadaye zinakili kwanza. Nimetumia muundo wa `len1024` moja kwa moja kwa sababu ile njia ya jumla ya `arm_cfft_init_f32` inaburuta majedwali ya urefu wote, ikajaza flashi bila faida.

Masafa hasi yako wapi kwenye safu?

Nusu ya pili. Kisanduku 0 hadi 511 ni chanya. 512 hadi 1023 ni hasi, na cha 1023 ndicho kilicho jirani na sifuri.

```c
int m = (k < N/2) ? k : k - N;
float kasi = m * (16000.0f / N) / 44.7f;   // km/h, yenye alama
```

Kwa kuchora skrini, badilisha nusu mbili nafasi ili sifuri ikae katikati.

Mwelekeo umegeuka: gari linalokuja linaonekana linaondoka.

Badilisha waya za I na Q, au weka alama ya kutoa mbele ya Q. Si kosa la hesabu.

Dirisha ni la lazima? Na lipi?

Bila dirisha, kilele ambacho hakikuangukia katikati ya kisanduku kinamwaga nguvu zake pande zote, na mkia wa kwanza uko dB 13 tu chini. Lori likipita, mkia wake unafunika kila pikipiki iliyo karibu nalo. Hann inaushusha mkia hadi dB 31 na kuendelea kushuka haraka. Gharama yake ni kilele kinene mara mbili. Blackman inafika dB 58 kwa kilele kinene zaidi. Mimi huanza na Hann na nadra naondoka hapo. Kama lengo lako ni kupima ukubwa kwa usahihi na si masafa, tafuta dirisha la kilele bapa.

Hann inapunguza ukubwa kwa nusu. Wimbi changamano lenye ukubwa A linatoa kilele cha A × N bila dirisha, na A × N ÷ 2 kwa Hann. Wimbi halisi, lisilo na Q, linagawana nusu kwa nusu kati ya upande chanya na hasi, hivyo gawanya tena kwa 2.

Natumia q15 na majibu yote ni sifuri.

`arm_cfft_q15` inagawanya kwa 2 kila hatua ili namba zisifurike. Sampuli 1024 zina hatua 10, kwa hiyo jibu limegawanywa kwa 1024. Ishara ndogo inapotelea njiani. Sogeza namba za ADC kushoto kwanza ili zijaze biti 16: ya biti 12, baada ya kutolewa wastani, isogeze biti 4. Isipotosha, tumia q31 na ukubali kuwa itakwenda polepole zaidi.

FFT yangu inachukua muda mrefu ajabu. Tatizo nini?

Kwenye F407, sampuli 1024 changamano za float zinatakiwa kumalizika chini ya milisekunde 1. Ikizidi sana hapo, kagua mambo mawili. Kwanza, kikusanyi kimeambiwa kutumia kitengo cha float? Bendera ni `-mfpu=fpv4-sp-d16 -mfloat-abi=hard`. Pili, kuna double iliyojificha? Kitengo cha F407 kinajua float tu. Ukiandika `0.5` badala ya `0.5f`, au `sin` badala ya `sinf`, hesabu inahamia kwenye programu na mwendo unakufa kimya kimya. Bendera ya `-Wdouble-promotion` itakuonyesha kila mahali palipovuja.

Usikisie muda. Soma `DWT->CYCCNT` kabla na baada, gawanya tofauti kwa 168, unapata mikrosekunde. Prosesa za M0+ kama ya RP2040 hazina kihesabio hicho. Huko geuza pini juu na chini, uangalie kwa osiloskopu.

DMA inaleta sifuri tupu, au data ya zamani.

Kwenye F407, KB 64 kati ya KB 192 za RAM ni CCM, na DMA haifiki huko. Bafa ikiangukia CCM, haitajaa kamwe. Kwenye Cortex-M7, kama STM32H7, chanzo ni kache: DMA imeandika kwenye RAM lakini prosesa inasoma nakala yake ya zamani. Batilisha kache ya eneo hilo kabla ya kusoma.

Na tafadhali, sampuli zisichukuliwe kwa kitanzi chenye `delay`. Kila katizo linalopita katikati linasogeza sampuli, na kilele chembamba kinageuka kilima. Taima, ADC, DMA ya mzunguko yenye bafa mara mbili: nusu moja inajaa wakati nusu nyingine inachambuliwa.

Nina vilele viwili visivyoondoka, hata barabara ikiwa tupu.

Angalia masafa yake. Hz 50 kwa pande zote mbili ni umeme wa gridi ulioingia kupitia waya au chaja; kwa rada ya 24 GHz unaonekana kama kitu cha km/h 1.1. Hz 100, sawa na km/h 2.2, mara nyingi ni taa ya mrija: gesi iliyo ndani inawaka na kufifia mara mia kwa sekunde na inarudisha mawimbi ya rada kweli kweli, kwa hiyo hakuna kichujio cha waya kitakachoizuia. Izime taa ujaribu. Barabarani usiku, puuza tu chochote chini ya km/h 5.

Nataka usahihi wa chini ya upana wa kisanduku.

Chukua kilele na majirani wake wawili, a, b na c, vyote katika dB. Masogezo kutoka katikati ni 0.5 × (a − c) ÷ (a − 2b + c), kwa kipimo cha visanduku. Kwa Hann na ishara safi, kosa linabaki sehemu ndogo tu ya kisanduku.

Ninajaribuje bila rada wala magari?

Anza bila ADC kabisa. Jaza safu kwa kosaini na saini za kisanduku 37: `cosf(2*PI*37*n/N)` kwenye I, `sinf` yake kwenye Q. Bila dirisha, kilele kimoja tu kinatakiwa kusimama kwenye 37, na kwingine kote kelele za kukadiria desimali. Geuza alama ya Q, kilele kihamie 987. Linganisha na `numpy.fft.fft` kwenye kompyuta.

Hilo likipita, tengeneza faili ya WAV ya stereo, kushoto kosaini, kulia saini, Hz 2,234. Icheze kwa simu kupitia tundu la spika za masikio, pitisha kila upande kwenye kapasita ya µF 10, na rezista mbili za kΩ 10 zikiishikilia ishara katikati ya volti 3.3 na ardhi. Unapata gari la bandia la km/h 50 lisilochoka. Badilisha kushoto na kulia, ligeuke. Kivuli utakachokiona hapa ni cha ADC na rezista zako, bila rada. Kiandike mahali, kitakusaidia kujua moduli inaongeza kiasi gani.

Nahitaji masafa mamoja au mawili tu. FFT ni ya lazima?

Hapana. Goertzel inapima kisanduku kimoja kwa kumbukumbu ndogo mno. Toni nane za simu za kubonyeza, kuanzia Hz 697 hadi 1,633, husomwa hivyo hata kwenye Uno.

Nichague vipi kilele cha gari nikiwa na vilele vingi?

Usichukue kikubwa kuliko vyote na kuishia hapo. Nguvu inayorudi kwenye rada inashuka kwa umbali ukipandishwa kipeo cha nne: gari likiwa mbali mara mbili, linarudisha sehemu moja ya kumi na sita. Lori lililo karibu litaishinda bodaboda daima, hata bodaboda ikiwa ndiyo inayokimbia.

Kwa kila kisanduku, kokotoa wastani wa majirani wanane kila upande, ukiruka wawili walio bega kwa bega nacho kila upande maana ni sehemu ya kilele chenyewe. Kisanduku kikizidi wastani huo kwa dB 12 au zaidi, kihesabu kuwa kitu. Upande chanya na upande hasi vichambue kila kimoja kivyake. Kisha kabla ya kukiamini kilele, tazama kisanduku cha alama kinyume: kama hapo kuna kilele kikubwa zaidi kwa kiasi kinachokaribia kile ulichoandika kwenye jaribio la kivuli, kitupe. Mwisho, dai kionekane kwenye safu tatu mfululizo, milisekunde 192, kabla ya kuwasha ubao wa kasi. Mvua kubwa ikinyesha utahitaji kupandisha ile dB 12, kwa sababu matone nayo yanarudisha mawimbi, na kila tone lina mwendo wake.